Mahindi Yaliyoshindwa Kumficha Mama Mkwe

Siku niliyostaafu, wenzangu wa ofisi ya kilimo walinipa blanketi, chupa ya chai na hotuba tatu. Blanketi ni zuri. Chupa inavuja. Hotuba zote zilisema nimelitumikia taifa kwa moyo safi, na aliyelisema hilo kwa sauti kubwa zaidi ni yule yule aliyekuwa akinificha ufunguo wa pikipiki ya ofisi kila Ijumaa. Baadaye nyinyi vijana mkaniomba niwaandikie machache yatakayowafaa kazini. Haya, kaeni basi. Mambo ya vyeo na mishahara nayaruka, maana hata yenyewe yalikuwa yakiniruka. Nitawaambia habari ya mbolea ya ruzuku, ile ambayo serikali hulipa sehemu ya bei yake ili mkulima mdogo aweze kuinunua. Niliigawa kwa uaminifu mkubwa, na uaminifu wangu huo ndio uliowalaza watu njaa.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kuandika mvua. Naam, serikali ilikuwa ikinilipa nisome kipimo cha mvua asubuhi na niandike imenyesha kiasi gani, jambo ambalo kila mwanakijiji alikuwa amelijua tangu usiku kwa kusikiliza mabati yake. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikahamishiwa kwenye ghala la Kitale, na hapo ndipo kazi yangu ya kweli ilipoanza.

Siku ya kwanza nilifika na viatu vilivyopigwa rangi na kalamu nne mfukoni. Nikampokea, au tuseme alinipokea, Mzee Ndiema, mtunza ghala, mtu wa Saboti, ambaye umri wake kwenye faili ulikuwa umesimama mahali pamoja kwa miaka kadhaa. Alikuwa ameketi mlangoni kwenye kigoda kifupi sana. Nikadhani ni unyenyekevu.

"Mzee, mbona usikalie kiti?" nikamwuliza.

"Kwa kiti naona kitambulisho. Hapa chini naona kisigino," akasema. "Kitambulisho ni ya serikali, Bwana Kilimo. Kisigino ni ya mtu mwenyewe. Mkulima wa kweli, kisigino yake imepasuka kama udongo ya Januari."

Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa, na mpaka leo sijapewa lingine lililolizidi. Mzee alinifundisha pia kutumia chuma chembamba cha kudungia mfuko ili ujue kama ndani ni mbolea au ni mchanga uliovalishwa jina la mbolea. Alinifundisha kuangalia uzi. Mashine ya ghala letu ilishona midomo ya mifuko kwa uzi wa buluu, mishono miwili sambamba, na Mzee alisema mfuko wowote ukiuona duniani na uzi huo, ujue ulitoka mikononi mwake. Alijivunia uzi ule kuliko watu wengine wanavyojivunia watoto.

Siku hiyo hiyo ya kwanza akaja bwana mmoja na viatu vyeupe, vyeupe pee, mwezi wa nne, Kitale, mvua ikinyesha. Alikuwa na karatasi yenye sahihi ya mkubwa fulani. Mzee Ndiema akatazama viatu, akanitazama mimi, kisha akamwuliza mgeni kwa upole anapanda mahindi akiacha nafasi gani kati ya shimo na shimo.

"Hiyo inategemea," akasema yule bwana.

"Inategemea nini?"

"Inategemea na mfanyakazi."

Akapakiwa mifuko yake yote. Lori lilipoondoka nikamwuliza Mzee mbona amempa. Akacheka mpaka akakohoa. "Kuangalia kisigino nimekufundisha," akasema. "Kukataa karatasi ya mkubwa, hiyo hata mimi sijafundishwa."

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilinipeleka Tuwan, mtaa wa nyumba za kupanga hapo Kitale. Kwa mujibu wa orodha, kulikuwa na mkulima mwenye ekari mbili za mahindi katikati ya mtaa huo. Nikabeba kamba ya kupimia, nikavaa gambuti, nikaenda kubisha. Akatoka mtu na povu la kunyolea kidevuni. Nikamwomba anionyeshe shamba.

"Si hii," akasema, akanielekeza kwa wembe kwenye mikebe mitatu ya rangi iliyopandwa sukuma wiki kando ya mlango.

"Na mahindi?"

"Ah, mahindi ni mpango ya mbele, bana."

Nikapima mikebe. Nilipima upana, nikapima kimo, nikaandika na hali ya udongo, kisha nikapeleka ripoti. Faili ikarudi na maneno mekundu pembeni: afisa apunguze mzaha. Mkulima wa mikebe akapata mbolea ya ekari mbili. Ikiwa aliimwaga yote kwenye ile sukuma wiki, basi leo watu wanaikwea kwa ngazi.

Baada ya miaka michache kama hiyo nikahamishiwa upande wa Bungoma, kwenye lokesheni moja, yaani eneo la chifu mmoja, iliyo ndani kidogo ukitoka Webuye. Wakubwa walisema nahitajika huko. Walichosahau kuangalia, na mimi nikasahau kuwaambia, ni kwamba ndiko alikozaliwa mke wangu Nekesa, na mama yake alikuwa bado anaishi huko, mwendo mfupi tu kutoka ofisini kwangu.

Sasa, kwa wale ambao si wa kwetu: sisi Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawali meza moja wala hawakai chumba kimoja. Wakielekea kukutana njiani, mama huchepuka akaingia kwenye mahindi, akasimama humo kimya mpaka mkwe apite, na mkwe naye hupita akitazama mbele kama askari wa gwaride. Si chuki hiyo, ni heshima. Mimi na mama mkwe wangu tuliheshimiana namna hiyo miaka na miaka, na sijui ndoa nyingine iliyokuwa na amani kama yangu.

Mama huyo alikuwa mjane. Alikuwa na ekari moja na nusu, na wajukuu wanne walioachwa na mwanawe aliyefariki. Mahindi ya shamba hilo ndiyo yaliyowalisha wote watano kutoka mavuno mpaka mavuno. Yakiwa mazuri, wanakula mwaka mzima. Yakiwa mabaya, kufikia Krismasi chungu hakina kitu. Visigino vyake sikuwahi kuviona kwa karibu, kwa sababu ya hiyo heshima, lakini nilikuwa nimeona nyayo zake njiani. Mzee Ndiema angempa mbolea kwa kuziona hizo tu.

Basi mwaka ule bei ya mbolea ikapanda mpaka watu wakawa wanaitaja kwa kunong'ona. Serikali ikaleta ya ruzuku kutoka ghala la Kitale, na kamati ikaundwa kuteua wakulima maskini wa kuipata. Tulikutana kanisani: mimi, chifu, diwani, mwalimu mkuu, na karani wangu Rose wa kuandika. Tulianza kwa maombi marefu, kama wafanyavyo watu wanaojua wanachokwenda kufanya. Wananchi walijaa kwenye mabenchi kusikiliza majina yakisomwa.

Orodha ya maskini ikasomwa. Maskini wa kwanza alikuwa mke wa chifu. Maskini wa pili alikuwa mke wa chifu pia, yule wa nyumba ndogo ya bati jipya. Akafuata mwalimu mkuu, aliyejisomea jina lake mwenyewe kwa huzuni. Akafuata dereva wa lori la diwani, ambaye shamba lake hakuna aliyewahi kuliona ila yeye, na yeye alikuwa safarini. Umaskini ulikuwa umeingia katika lokesheni ile kupitia milango mikubwa mikubwa. Hakuna aliyekohoa.

Kisha Rose akasoma jina la mama mkwe wangu. Hapo ndipo kukohoa kulipoanza.

Diwani akavua kofia. "Bwana Kilimo, sisi hatusemi kitu," akasema. "Lakini hii jina, ati si ni ya nyumbani kwako?"

"Ni mjane," nikasema. "Kila mtu hapa anamjua."

"Sisi tunajua. Lakini watu watasema, bana. Watasema Bwana Kilimo anamlisha mama mkwe na mbolea ya serikali."

Kanisa zima likanitazama. Na nisiwadanganye, nilikuwa na hofu nyingine. Kanuni ilisema mkulima asiyejua kuandika, kama mama mkwe wangu, aweke kidole gumba kwenye wino, na afisa mwenyewe akishike kidole hicho akikandamize kwenye fomu, ili pasiwe na udanganyifu. Nikajiona mbele ya watu nimeshika kidole cha mama mkwe wangu. Rose alikuwa pale pale na mikono yake miwili, angeweza kukishika yeye. Ningeweza pia kutoka nje dakika tano, wakaamua wao mbele ya macho ya majirani zake waliomjua. Hayo yote niliyafikiria vizuri sana, kesho yake.

Nikachukua kalamu nyekundu nikalikata jina lake mimi mwenyewe.

Makofi yakapigwa. Mwalimu mkuu akasema, "Huyu ndiye afisa tunataka!" Mama mmoja akapiga vigelegele. Na ile nafasi haikukaa wazi hata dakika moja. Ilijazwa na jina la mke wa tatu wa diwani, ambaye siku hiyo alikuwa bado hajaolewa.

Nilirudi nyumbani nimenyoosha mgongo. Nekesa alikuwa ameshazipata habari, maana habari mbaya haina kiatu cha kufunga kamba. Akaniwekea ugali, akasimama.

"Umekata mama?"

"Sikukata mama. Nilikata jina tu."

"Na hao watoto wanne watakula jina?"

"Sheria, Nekesa. Watu wangesema."

"Watu," akasema. "Chifu ameandikisha mabibi wawili na watu hawajasema. Kumbe midomo yao iliumbwa kwa ajili ya mama yangu peke yake!"

Nikala ugali. Niliumia, wacha niseme wazi, niliumia sana, lakini bado nilijiona mtu mwema, na mtu akishajiona mwema hata maumivu yake anayafurahia kidogo.

Nikaamua kumnunulia mbolea kwa pesa yangu mwenyewe. Webuye, duka baada ya duka, wakaniambia imekwisha, ngoja wiki mbili. Pale sokoni kwetu nikaipata, kwenye duka la diwani. Mifuko ilikuwa imepangwa vizuri, maandishi ya serikali yamekwanguliwa. Lakini kwenye midomo nikaona uzi wa buluu, mishono miwili sambamba. Uzi wa Mzee Ndiema! Ilikuwa ile ile mbolea ya maskini, imeshasafiri kutoka kwenye umaskini hadi dukani kwa siku tatu.

Nilisimama pale na pesa mkononi. Kisha nikazirudisha mfukoni, nikatangaza mbele ya wateja kwamba mimi sinunui mali ya wizi.

Muuza duka hata hakukasirika. "Sawa, Bwana Kilimo," akasema. "Enda basi ununue ile ya haki. Iko wapi?"

Nikaenda ofisini nikaandika ripoti kali, kurasa sita. Mvua haikusoma ripoti, ikaanza kunyesha. Mama mkwe akapanda na samadi ya mbuzi wake wawili, na walikuwa mbuzi wadogo. Majibu ya ripoti yangu nayo yakaja: cheti. Kilikuwa na fremu ya dhahabu, kikinitambua kama afisa mwadilifu. Nilikabidhiwa mbele ya umati, na aliyenikabidhi ni diwani. Picha ipo. Tumeshikana mikono, yeye anacheka na mimi nimefumba macho.

Mwezi wa saba wakaja wageni kutoka Nairobi, magari mawili makubwa, kuona matunda ya ruzuku. Mimi na diwani tulipewa kazi ya kuwaongoza hadi kwenye shamba lake, ambalo kwa kweli lilipendeza, nani angekataa. Njia ya kwenda huko inapita kando ya shamba la mama mkwe wangu. Gari la mbele likanasa kwenye tope papo hapo, mahali pabaya kuliko pote katika wilaya nzima, na sote tukashuka.

Mahindi yalikuwa ya njano. Mwezi huo yalipaswa kuwa yamempita mtu mrefu kichwani, lakini yalimfika mtu kiunoni tu, membamba, majani yamejikunja. Na katikati yake alikuwa yeye, anapalilia, leso nyekundu kichwani. Akasikia sauti. Akainua uso akaniona, mimi mkwe wake, na wageni wangu.

Akafanya alichokuwa akifanya siku zote. Akapiga hatua mbili akaingia ndani zaidi kwenye mahindi ili ajifiche. Akasimama. Kisha akajitazama, akaona kwamba mahindi hayamfichi. Basi yule mama, mwenye umri wa kuwa nyanya wa watu, akapiga magoti kwenye tope, taratibu, mkono mmoja kiunoni. Hata hapo leso yake ikabaki inaonekana. Akainamisha na kichwa.

Nami nikatazama mbele kama askari wa gwaride.

Mgeni mmoja, mama mpole mwenye miwani na daftari, akauliza, "Hili shamba ni la nani? Mbona mahindi ni ya njano hivi?"

Ningeweza kusema. Jamani, ningeweza kusema yote pale pale: hili ni la yule niliyemkata, na lile zuri mnalopelekwa ni la waliokula chake. Daftari lilikuwa wazi. Diwani alikuwa amesimama kando yangu ananitabasamia.

"Simjui mwenyewe," nikasema. "Ni mmoja wa hawa wasiofuata mafunzo."

Akaandika. Niliona kalamu ikitembea. Gari likasukumwa, tukaenda kunywa soda kwa diwani.

Mavuno ya mama yalikwisha kabla ya mwezi wa kumi na moja. Wajukuu wawili wakubwa wakapelekwa Saboti kwa shangazi yao ili wapate kula, wakaacha shule ya nyumbani katikati ya masomo. Mmoja alirudi baada ya mwaka. Mwingine hakurudi darasani tena. Hizo ndizo hesabu za uadilifu wangu, na hazikuandikwa kwenye cheti. Nekesa alinieleza haya akiwa anaosha vyombo, bila kugeuka. Mama mwenyewe hakulitaja jambo hilo kamwe, wala sikujua siku ile ya magari alisikia nini na hakusikia nini. Nilijiambia kwamba alikuwa mbali. Nilijiambia pia kwamba upepo ulikuwa unavuma kwenda upande mwingine, na mimi ni mtu wa hali ya hewa.

Mzee Ndiema nilimweleza mara moja nilipopita Kitale. Alikuwa bado yuko kwenye kigoda chake, umri ule ule. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kitu kimoja tu: "Na wewe, siku hizi kisigino yako iko namna gani?" Nilikuwa nimevaa soksi.

Kwa hiyo vijana, mkitaka ushauri, ni huu. Jina la mtu wenu likisomwa, tokeni nje muwaache wengine waamue. Msishike kalamu kwa kuogopa maneno ya watu ambao wenyewe wameshiba. Na mkipewa cheti, kwanza ulizeni ni nani aliyekilipia.

Nilipostaafu, kitu cha kwanza nilichofanya kilikuwa kununua mbolea ya kupandia na ya kukuzia, mapema, kabla ya mvua, kwenye duka lisilo na uzi wa buluu. Nikaibeba kwa baiskeli mpaka kwa mama mkwe, nikaitua nje ya ua, nikaondoka kama desturi inavyotaka. Hakunitumia hata neno la asante. Akapanda.

Wiki iliyopita nikapita njia ile nikikokota baiskeli. Mahindi yamesimama ukuta wa kijani kibichi, yananipita kichwani kwa dhiraa nzima. Nikasikia jembe likikata udongo humo ndani, kisha likanyamaza. Nikajua yumo, amesimama, ananingoja nipite. Nikanyoosha shingo, nikatazama mbele.

"Bwana Kilimo!" sauti ikatoka kwenye mahindi.

Miaka yote hiyo hakuwahi kuniita hivyo. Mimi kwake ni Baba Simiyu, jina la mtoto wangu wa kwanza. Nikasimama.

"Ndiyo, mama."

"Hii shamba ni ya nani?"

Kumbe alisikia. Kila neno, akiwa amepiga magoti kwenye tope. Nikaishika baiskeli kwa mikono miwili.

"Ni ya mama mkwe wangu," nikasema.

"Unamjua?"

"Namjua, mama."

Halafu akasema, "Basi pita. Leo siko kwa magoti," na jembe likaanza tena.